Mtumba wa Marehemu

Katika vitabu vilivyoandikwa na wageni kuhusu njia yetu ya misafara, ile iliyotoka Bagamoyo ikapita Mpwapwa na Kilimatinde, ikafika hapa Unyanyembe na kuishia Ujiji, kiko kimoja ambacho sura yake ya mwisho naiona ina faida kwetu kuliko sura nyingine zote. Ni kitabu cha shajara za mwisho za David Livingstone, kilichotolewa London mwishoni mwa mwaka 1874 katika majuzuu mawili. Aghalabu watu hukisoma kwa ajili ya habari za chemchemi za mto Nile na biashara ya watumwa. Mimi nakusudia kukihakiki kwa jambo dogo zaidi, nalo ni jinsi kinavyoeleza vitu vya mtu aliyekufa vilivyofunguliwa, vikahesabiwa, vikafungwa tena na kupelekwa kwao. Kila nyumba hufikiwa na siku ya kufungua sanduku la marehemu na kuzitoa nguo zake moja moja. Jambo hilo tunalifanya sote, lakini walioliandika ni wachache.

Kwanza yafaa tujue sura hiyo ni ya nani, maana Livingstone hakuiandika. Maneno yake ya mwisho katika shajara ni ya tarehe 27 Aprili 1873. Siku chache baadaye, kuamkia 1 Mei, alifariki katika kijiji cha Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Yaliyofuata yalisimuliwa na Abdullah Susi na James Chuma, waliofika Uingereza mwaka 1874 baada ya bwana wao kuwa amekwisha kuzikwa, wakamweleza mhariri, Horace Waller, yote waliyoyaona. Kwa hiyo masimulizi ni yao, kalamu ni ya Waller. Msomaji hana budi kuzitenga sauti hizo mbili, kwa sababu hazisemi neno moja kila mara.

Habari ya nguo za Livingstone inaanza mapema, tena inaanzia hapa kwetu. Stanley alipomkuta Ujiji mwaka 1871 alimweleza kama mzee aliyevaa kofia ya buluu yenye utepe wa dhahabu uliopauka, kizibao chenye mikono myekundu na suruali ya kijivu. Mwezi Februari 1872 wote wawili walifika Kwihara, wakafungua masanduku yaliyokuwa yameletwa kutoka pwani. Vitu vingi vilikuwa vimekwisha kuibwa njiani. Hata hivyo Livingstone anaandika kwa furaha kwamba amepata mashati manne ya flaneli aliyopelekewa na binti yake Agnes, na jozi mbili za viatu kutoka kwa rafiki yake, Waller huyu huyu aliyekuja kuwa mhariri wake.

Hapo ndipo ninapowaomba wasomaji wangu wasiharakishe. Agnes hakuwa amemwona baba yake tangu mwaka 1865. Kwa miaka sita na zaidi hakuwa na hakika kama yu hai. Ukitaka kumshonea au kumnunulia shati mtu ambaye hujamwona miaka sita, ni lazima ukisie mabega yake, unene wake na urefu wa mikono yake. Yawezekana unampimia kijana aliyekwisha kuwa mzee. Shati la namna hiyo ni barua. Kitabu kinalitaja kwa sentensi moja tu, lakini sentensi hiyo imenikaa moyoni kuliko kurasa nyingi za vipimo vya maziwa na mito.

Sasa twende Chitambo. Asubuhi ile ya Mei, Susi na Chuma waliwakusanya wenzao wote, wakasema kwamba masanduku yafunguliwe mbele ya kila mtu, ili wote wawe mashahidi na pasiwe na mmoja wa kulaumiwa baadaye. Kazi ya kuandika alipewa Jacob Wainwright, kijana aliyekuwa ametolewa utumwani na kusomeshwa shule ya wamisionari ya Nasik, Bara Hindi, akaletwa Unyanyembe mwaka 1872 pamoja na wapagazi waliotumwa na Stanley. Akaandika orodha. Katika sanduku moja fedha kidogo, kama shilingi moja na nusu. Katika jingine kofia, saa moja, na visanduku vya vyombo vya kupimia. Katika jingine tena vipimo vidogo vya dawa.

Waller aliichapa orodha hiyo kama ilivyoandikwa, pamoja na makosa ya Kiingereza cha shuleni ya kijana yule. Wako watakaosema alifanya hivyo ili wasomaji wa London wacheke kidogo. Mimi namshukuru. Angaliinyoosha, tungepoteza mkono wa Jacob. Kwa jinsi ilivyo tunamwona akihesabu jambo asilolijua jina lake, akaandika tu kwamba ni chombo kingine cha kupimia, kisha akaandika idadi. Mwalimu yeyote aliyesahihisha madaftari ya wanafunzi anaijua adabu hiyo ya mtoto mwaminifu, asiyejifanya kujua neno na wala haruki kitu.

Katika orodha iliyochapwa vazi ni moja tu, kofia. Mashati ya Agnes hayamo. Waller hasemi neno juu ya hilo, ingawa viatu alivyovipeleka yeye mwenyewe navyo havimo. Hapa mhariri alipitwa na jambo. Mtu wa mwisho duniani aliyepaswa kuuliza habari za viatu vile alikuwa na wasimulizi wawili mbele yake, naye akawauliza tarehe na majina ya vijiji. Sikusudii kumtia mtu yeyote hatiani kwa wizi. Miezi tisa ya matope na mvua inatosha kumaliza shati na kiatu. Ninachosema ni kwamba nguo ndizo zinazokaa karibu zaidi na mwili wa mtu, na ndizo zinazotoweka kwanza katika maandishi. Vyombo vya kupimia viliandikwa vyote.

Safari ya kuurudisha mwili ilifika Unyanyembe mwezi Oktoba 1873. Pale Kwihara walimkuta Luteni Cameron, Mwingereza aliyekuwa ametumwa kumsaidia Livingstone. Wenye mwili walikuwa wametanguliza barua iliyoandikwa na Jacob, ikielekezwa kwa Oswell, mwana wa marehemu, kwa kuwa walisikia kwamba anakuja. Mwana hakuwepo. Cameron aliwashauri wamzike hapa hapa, wakakataa. Kisha akayafungua masanduku, akachukua sehemu kubwa ya vyombo vya kupimia kwa ajili ya safari yake mwenyewe.

Kwa haki ni lazima niseme kwamba Cameron hakuvichukua ili aviuze. Alivuka bara zima, akatokea bahari ya magharibi mwaka 1875, na vyombo vya kupimia ni vya kupimia. Lakini kitabu kinaonyesha kwamba Susi na wenzake walisikitika, nami naona masikitiko yao yana hoja. Chitambo masanduku yalifunguliwa na watu waliomwogesha marehemu na kumbeba, mbele ya mashahidi, kwa kuandikiana. Kwihara yalifunguliwa kwa cheo. Kitendo ni kile kile, mkono wa kufungulia ni mwingine, na mtu aliyefiwa huijua tofauti hiyo hata kama hawezi kuitamka. Waller anaeleza tukio hili kwa upole mno, kama mtu anayemwogopa ofisa wa serikali yake. Sauti ya wasimulizi inasikika chini yake, imekandamizwa.

Baada ya Kwihara msafara ulifika Kasekera, nako ndiko kwenye habari ambayo kila Mtabora angepaswa kuijua. Wenyeji walipinga maiti isipitishwe. Basi wale watu wakatangaza kwamba wanarudi Unyanyembe kuzika. Wakachukua mabua ya mtama, wakayakata urefu wa mtu, wakayazungushia nguo mpaka yakafanana na maiti, na watu sita wakayabeba kurudi nayo kwa huzuni yote inayostahili. Usiku wakayatawanya porini. Mwili wenyewe ukatolewa katika gome la mti ulimokuwa umefungwa, ukavikwa kitambaa upya na kufungwa hata ukawa kama mzigo wa kawaida wa nguo. Hivyo ukapita mpaka Bagamoyo, ukafika huko Februari 1874, na tarehe 18 Aprili ukazikwa Westminster, London, Jacob Wainwright akiwa miongoni mwa waliolishika jeneza.

Katika misafara mzigo wa nguo uliofungwa hivyo uliitwa mtumba. Nguo ndiyo iliyokuwa fedha ya njia ile. Merikani, kaniki na vitambaa vya rangi vilipimwa kwa shuka na doti, vikalipia chakula, hongo za watemi na ujira wa mpagazi. Wanyamwezi walibeba mitumba hiyo mabegani mwao miezi na miezi. Kwa hiyo kumgeuza marehemu kuwa mtumba ilikuwa ni kumficha ndani ya kitu ambacho hakuna mtu wa njia ile angekitazama mara mbili. Waller analisifu jambo hili kama hila ya werevu. Ni werevu, sikatai. Lakini hakuijua lugha yetu kwa kiasi cha kuona lililo kubwa zaidi: mzigo waliouzoea kwa ajili ya ujira waliubeba safari hii kwa ajili ya mtu.

Neno hilo halikufa pamoja na misafara. Milango ya biashara ilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1980, robota za nguo zilizovaliwa Ulaya na Marekani zikaanza kumiminika, nasi tukaziita mitumba. Wazee walikuwa na jina la zamani zaidi, kafa ulaya, yaani mwenyewe amefia huko. Jina lilikuwa la mzaha, lakini lilikuwa na ukweli wake. Katika robota zile zimo nguo za watu ambao watoto wao walifungua kabati, wakashindwa kuamua, wakazitia zote katika mfuko mmoja na kuzitoa nje. Sisi tunazipokea mnadani zimekunjwa, hazina jina wala habari. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika ya Mashariki walikubaliana kuipunguza biashara hiyo mpaka iishe, wakitaja viwanda vyetu. Hoja za viwanda ni nzito na si zangu kuziamua. Mimi nataja mitumba kwa sababu inatuonyesha mwisho wa nguo isiyoandikiwa orodha.

Kosa kubwa la kitabu sijalitaja bado. Katika msafara wa Livingstone alikuwamo mwanamke aitwaye Halima, mpishi wake. Livingstone mwenyewe anamsifu katika shajara, akaandika kwamba wakifika Unguja atamfanya huru na kumnunulia nyumba na bustani. Halima aliufuata mwili mpaka Unguja. Waller analijua hilo, naye anaandika katika tanbihi kwamba ni jambo gumu kuona utumishi wa siku nyingi wa mwanamke huyu umebaki bila malipo kwa sababu ya kifo cha bwana wake. Halafu anaendelea na habari nyingine.

Nimeisoma tanbihi hiyo mara nyingi, na kila mara inaniudhi. Ahadi iliandikwa kwa mkono wa marehemu. Ilisomwa na mhariri, ikapigwa chapa, ikauzwa katika maduka ya vitabu. Deni linalojulikana hivyo si jambo gumu tu, ni deni. Waislamu wa mji huu wanaujua mlolongo wake: gharama za maziko, kisha madeni, kisha wasia, na ndipo warithi. Kila chombo cha kupimia kiliandikwa katika orodha ya Jacob. Halima hakuandikwa katika orodha yoyote, akaandikwa chini ya ukurasa kwa herufi ndogo.

Tusimcheke Waller upesi. Vikao vyetu vya kugawa nguo, vya Waislamu kwa Wakristo, vina tanbihi zao pia. Mke wangu alipofariki, baada ya kuugua miaka miwili, ndugu walikaa siku iliyopangwa, sanduku likafunguliwa mbele ya watu wote, na binti yetu mkubwa akawa mwandishi. Vitenge vya heshima viliandikiwa dada za marehemu, kanga zikaandikiwa mabinti na wakwe, na yaliyobaki yakakusudiwa kupelekwa kanisani kwa wenye shida. Yote yalikwenda kwa amani. Kisha binti akauliza, mbona mwanamke aliyekuwa akimwuguza mama yake hajatajwa. Mama yake mkubwa akajibu kwamba huyo alikuwa mtu wa kazi, na mshahara wake alilipwa kila mwezi.

Binti akasema, kwa adabu, "Ni kweli, Mama. Alilipwa wa kufua na wa kupika. Wa kukesha hakulipwa."

Kikao kilinyamaza. Yule mzee wa kike hakuwa mtu mbaya. Alikuwa akifuata orodha kama alivyoirithi, na katika orodha aliyoirithi watu wa kazi hawamo. Baada ya muda akaagiza mwanamke yule aitwe, akaambiwa achague kabla ya wote. Tulidhani atachukua kitenge kipya. Akachukua sweta la rangi ya kahawia lililotoboka kiwiko, ambalo marehemu alilinunua mnadani miaka mingi nyuma. Alipoulizwa kwa nini, alisema kwamba usiku wa baridi mgonjwa alikuwa akilivua na kumfunika nalo yeye, kisha wakabishana nani mgonjwa. Watu wakacheka, na ndiyo mara ya kwanza kicheko kusikika nyumbani mwetu tangu msiba. Kitenge akapewa pia, kwa amri ya mama mkubwa mwenyewe.

Naeleza habari hii kwa kuwa inanisaidia kusema ninachokipima katika kitabu. Wengi wetu tunadhani kazi ya kugawa nguo ni kuhakikisha kila ndugu amepata kitu na sanduku limebaki tupu. Kwa kipimo hicho watu wa Chitambo hawakufanya la ajabu, walihesabu tu. Lakini kuhesabu mbele ya mashahidi si kazi ya karani peke yake. Ukishika nguo ya marehemu unaulizwa maswali mawili: ilitoka kwa nani, na ilimsitiri nani zaidi ya mwenyewe. Jibu la swali la kwanza, kwa mashati ya Kwihara, ni Agnes. Jibu la swali la pili humleta Halima, ambaye nguo na chakula na usingizi wa bwana wake vilipita mikononi mwake. Kitabu kilikuwa na majibu yote mawili, moja katika sentensi fupi na jingine katika tanbihi, kikayaacha yalale mbali mbali.

Nyumba zinazoogopa maswali hayo zina njia mbili za kuyakwepa. Njia ya kwanza ni haraka. Siku ya tatu nguo zimekwisha kutolewa zote, na mjane anarudi kutoka chumbani anakuta misumari mitupu ukutani. Njia ya pili ni kufuli. Sanduku linafungwa miaka kumi, na siku linapofunguliwa nondo wamekwisha kugawana urithi. Anayeharakisha na anayefunga wanafanana, maana wote wawili hawataki kuishika nguo na kutaja jina. Kwa hiyo nawasifu watu wa Chitambo zaidi ya nilivyowahi kuwasifu darasani. Walikuwa ugenini, katika mvua na njaa, na maiti ndani ya kambi, wakapata subira ya kuketi chini na kuandika.

Kuhusu Kwihara yenyewe nina neno moja. Tembe lililojengwa upya pale ni makumbusho yanayoitwa kwa jina la Livingstone, na mwaka 2006 Tanzania iliiweka Kwihara, pamoja na Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde na Ujiji, katika orodha ya awali ya mahali inapopendekeza kwa UNESCO patambuliwe kuwa urithi wa dunia. Ni jambo jema. Kofia ya Livingstone inatunzwa London na Chama cha Kifalme cha Jiografia, wala sioni haja ya kuigombania. Kofia yeyote anaweza kuitazama akaenda zake. Ningependa ukuta mmoja wa tembe upewe orodha ya Jacob Wainwright, kwa maneno yake na kwa Kiswahili, na chini yake, kwa herufi za ukubwa ule ule, iandikwe ahadi ya nyumba na bustani pamoja na jina la yule aliyeahidiwa.

Wanafunzi wa chuo chetu cha ualimu wakipelekwa pale, wasikaririshwe tarehe tu. Mwalimu awape karatasi na kuwauliza: kama nyinyi mngeketi pale Chitambo na sanduku limefunguliwa, mngeandika nini baada ya kofia?